Pembe Nne za Shuka

Saa nne usiku nahesabu vichwa.
Ishirini na sita, na kimoja kimejifunika gubigubi,
kinatikisa kitanda cha juu.
Nje, upepo wa Julai unashuka kutoka vilima vya Ntyuka,
unachapa mabati, unatia vumbi
hata kwenye miswaki.

Jina lake Lurdesi, katokea Kelimane.
Wiki ya pili hii haongei. Chakula anakisogeza
huku na huku sahanini, kama anayepanga karata.
Kiingereza chake haba, changu cha kuombea maji.
Kiswahili chake: "Asante." Basi.

Ofisini nilipewa fomu ya visanduku:
Mwanafunzi analala? Anakula? Ana rafiki?
Pima huzuni yake, moja hadi kumi.
Nikakaa na kalamu. Huzuni naipimaje mie,
kwa kibaba, kwa debe,
au kwa kidole, kama maji ya wali?
Nikaandika jina lake, nikaishia hapo.

Jumamosi mashuka yalikauka kabla ya saa tano.
Kwa kukausha, Dodoma haina mpinzani:
hukausha nguo, midomo, visigino,
kila kitu isipokuwa mto wa mtoto mgeni.
Nikamwita kwa mkono, nikampa pembe mbili,
mbili nikashika mwenyewe.
Alikung'uta nilipokung'uta,
akavuta nilipovuta,
akaja nilipokuja,
vidole vyetu vikagusana katikati,
kisha akainama kuokota mkunjo ulioning'inia.

Shuka la nane, akasema: "Lensoli."
"Leso?"
Akatikisa kichwa. Akagusa kitambaa changu cha kichwani:
"Lensu."
Nikapiga meza kwa furaha. "Meza," nikamwambia, nikiipiga tena.
Macho yakamtoka. "Meza!" Ileile, haina hata mkwaruzo.
Akanyoosha kidole dirishani, kwenye mlingoti: "Bandeira."
"Bendera," nikajibu.
Ng'ambo ya uzio, shamba la mzabibu la mzee Chilewa.
"Vinyu," akasema taratibu.
"Mvinyo. Na huo si wa umri wako."
Tukacheka, kila mtu kwa lugha yake,
kama wajukuu wa bibi mmoja waliokutana ugenini,
kila mmoja na kikombe cha seti ileile.
Najua, waliotuletea maneno hayo hawakuja kwa wema;
hilo nililisoma darasa la sita.
Lakini siku ile yalitufaa, nikayapokea
kama mtu anavyopokea deni lililochelewa.

Sikumwambia kwamba nami ninaye.
Nyemo wangu yuko Mpwapwa, kidato cha pili,
bweni la vitanda themanini, maji ya foleni.
Mimi ni mama wa watoto wa watu,
wangu analelewa na kengele.
Kila nilipovuta shuka,
nilivuta kuelekea Mpwapwa.

Usiku ule alilia tena, nisidanganye.
Ila alilia akiwa amekula:
ugali wa uwele, na mlenda aliouogopa kwanza
kwa jinsi ulivyogoma kuachana na kijiko.
Asubuhi alinipita koridoni, akasimama, akarudi.
"Mbukwa," akaniambia. Nani kamfundisha, sijui.
"Mbukwenyi," nikaitikia,
nikageukia ukutani kana kwamba natafuta swichi.

Mwezi wa tisa wakamleta mwingine,
Yuna, kutoka Korea, miwani mipana kuliko uso.
Siku tatu mgongo kwa watu, uso kwa dirisha.
Ofisini wakaniletea fomu. Nikaiweka chini ya pasi.

Lurdesi aliingia stoo bila kubisha,
akautungua ufunguo msumarini.
Nilikuwa nimeinamia beseni, sikugeuka.
Nikasikia shuka likipigwa hewani, pa!
Kisha kimya kirefu.
Kisha sauti yake, Kiswahili chenye lafudhi ya Kelimane:
"Shika hapa.
Vuta.
Si hivyo. Vuta.
Sasa njoo."